Kamba Mfukoni: Maisha ya Suzana Methusela Ngolo, 1978–2024

Mheshimiwa Padre, waheshimiwa madiwani, ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, asanteni kwa kufika hapa Nsemulwa, Mpanda, leo, Jumamosi tarehe 16 Machi 2024. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Nashon, mdogo wake marehemu. Umechapwa kwa mchango wa ndugu wa Inyonga na wa Katumba, na hakuna tangazo la mtu yeyote ukurasa wa nyuma. Tunayasema haya mapema kwa sababu marehemu mwenyewe, kabla ya kusoma karatasi yoyote, aliigeuza kwanza nyuma aone nani ameilipia.

Suzana Methusela Ngolo alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1978 katika kijiji cha Nkololo, wilaya ya Bariadi, wakati huo mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Methusela Ngolo, aliyetangulia mbele za haki mwaka 2015, na Mama Kabula, ambaye yuko nasi hapa. Mwaka 1987 malisho yaliposhindikana, Mzee Methusela alikusanya familia na ng'ombe, akashuka nao kupitia Tabora mpaka kwenye mapori ya Inyonga, ambayo siku hizo yalikuwa wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa. Suzana alitembea nyuma ya ndama na fimbo yake. Wenyeji, Wakonongo warina asali, waliwatazama wageni kwa jicho la pembeni, nao wageni wakawatazama wenyeji kwa jicho lilelile, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenzake.

Mzee Methusela hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na moja alilowalisha watoto wake kila siku pamoja na ugali: "Mtu akisifia ng'ombe wako kabla hajakusalimia, huyo ana kamba mfukoni." Wadogo zake Suzana walilisikia likapita. Yeye lilimwingia. Siku moja, akiwa na miaka kumi hivi, alikuja mtu asiyemjua, akasimama penye zizi akasema, "Aisee, mtamba mzuri huu!" Suzana hakusubiri. Alimwendea, akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake, akavuta. Akatoka na rozari. Mgeni alikuwa Katekista Kasimiri, na badala ya kukasirika alicheka mpaka akakaa chini. Alimwandikisha mafundisho wiki hiyohiyo, na Suzana akabatizwa Pasaka ya mwaka 1989. Alipoulizwa ukubwani kama aliona haya siku ile, alijibu kwamba aone haya ya nini, kamba nyingine kweli ni rozari, lakini utajuaje kama hujavuta?

Alisoma shule ya msingi Inyonga kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha sekondari hapa Mpanda mwaka 1995 hadi 1998. Walimu walimkumbuka kwa mikono yenye udongo, maana alifinyanga ng'ombe hata kwenye kipindi cha hesabu, na kwa swali lake moja la "nani kasema?" Mwaka 2000 alikwenda chuo cha sanaa Bagamoyo kusomea uchongaji. Mzee Methusela alipoambiwa binti yake anakwenda kusomea kuchonga, aliuliza, "Kuchonga nini? Miiko tunayo." Hata hivyo alipeleka fahali mnadani, na mwaka 2003 Suzana alirudi na stashahada yake.

Aliajiriwa na halmashauri ya mji mwezi Julai 2004 akiwa ofisa utamaduni. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba miaka ya mwanzo ni kutafuta kikundi cha ngoma kila mgeni mkubwa anapokuja, na kugawa soda baada ya ngoma. Aliifanya bila kulalamika. Jambo lililombadilisha lilitokea mwaka 2011, pale mfadhili mmoja alipouletea mji zawadi ya sanamu ya kiboko kwa ajili ya kipilefti, ule mzunguko wa barabara. Watu walishangilia, na Suzana naye alipiga makofi, ingawa moyoni aliliona jambo hilo linakwenda haraka mno. Masika mawili yalipopita, kiboko alianza kuambuka rangi. Sikio likadondoka. Nondo zikatokeza mbavuni, na watoto wakawa wanazunguka mbali wakienda shule. Suzana alipita ofisi moja hadi nyingine akiuliza nani atamtengeneza. Halmashauri ikasema sanamu ni ya mfadhili. Mfadhili akasema alishaitoa, ni ya halmashauri. Mjini wakaanza kumwita Mama Kiboko, na jina hilo hakulipenda hata siku moja.

Mwaka 2013 kiboko alibomolewa kimyakimya, lakini swali halikubomolewa. Suzana alianza kujiuliza kwa nini mji wenye mbao, asali na dhahabu ukae kusubiri mtu wa kuupa uso wake. Anayetoa sanamu ndiye anayechagua sanamu, alisema, na mji mzima unageuka ukuta wa matangazo ya watu wengine huku tukiambiwa tushukuru. Aliamini kwamba vitu vya barabarani vinavyotazamwa na wote lazima vilipiwe na mfuko wa wote, na vichaguliwe na wote. Usione vyaelea, vimeundwa. Tatizo lake lilikuwa kwamba hapa kwetu hakuna aliyejua nani anaviunda.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, kwenye ndoa yake, maana sheria aliyoiandika baadaye aliipata siku ya mahari.

Mwaka 2005 halmashauri ilihitaji jukwaa la tamasha, na kazi ikapewa fundi seremala wa Katumba aitwaye Pacifique Barampama. Suzana alipanda juu ya jukwaa lile kulipokea, akaanza kuruka kuona kama litavunjika. Pacifique alimtazama kutoka chini, akamwambia, "Dada, upande wa kule hujaruka." Ndivyo walivyoanza. Upande wetu habari ilipofika, maneno yalikuwa mengi. Wazazi wa Pacifique walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, na yeye alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, lakini wakati huo alikuwa bado anahesabiwa mkimbizi. Ndugu waliuliza ana karatasi gani, na akiondoka atakwenda na nani. Suzana, aliyemshuku kila mtu, huyu peke yake hakumshuku.

Mwezi Septemba 2006 wakwe walikuja Inyonga na ng'ombe. Kwetu Wasukuma ng'ombe wa mahari hapokelewi hivihivi. Anazungushwa, anaangaliwa meno, anainuliwa mguu, na mwenye kasoro anarudishwa aletwe mwingine. Ni kazi ya heshima, na wakaguzi wakikaa kimya ndipo uogope, maana yake hawana mpango na ndoa hiyo. Mkaguzi siku ile alikuwa baba mdogo Ambrosi. Aliwapitisha wengi, akafika kwa ng'ombe mmoja mweusi, akamwinua mguu wa nyuma, akatangaza kwa sauti, "Huyu anachechemea. Arudi!" Mzee Dieudonne, baba yake Pacifique, alisimama, akawakusanya ng'ombe wote, hata waliokwisha kupita, akashika njia na watu wake. Pilau ilikuwa bado jikoni. Upande wetu ulidhani wamekwenda kumbadilisha mweusi, tukabaki tunashangaa mbona wameondoka na wote.

Suzana peke yake ndiye aliyeelewa. Alichukua baiskeli akawafuata, akawakuta wamekaa kando ya barabara ya Mpanda na ng'ombe wao.

"Baba, mbona mmeondoka?"

"Tumefukuzwa, mama," Mzee Dieudonne akasema. "Kwetu zawadi ikirudishwa mbele za watu, na aliyeileta karudishwa."

"Hamjafukuzwa. Asiyewataka asingejisumbua kuinua ng'ombe mguu. Wamewataka, ndiyo maana wamekagua."

Mzee alitazama barabara. "Sisi tumekaguliwa tangu tulipovuka. Karatasi, majina, mpaka ukoo. Tumechoka kukaguliwa, mwanangu."

Suzana aliilaza baiskeli. Alikaa chini karibu naye, akasema, "Basi leo kakaguliwa ng'ombe peke yake. Nyie hakuna atakayewagusa, na mtu akiwagusa mimi nitaondoka nanyi siku hiyohiyo." Mzee akacheka kidogo. Ng'ombe mwingine aliletwa, na Jumamosi tarehe 18 Novemba 2006 Suzana na Pacifique walifunga ndoa parokiani hapa Mpanda. Ng'ombe mweusi alipona mguu, akazaa sana, na Mzee Dieudonne hakuacha kumkumbusha baba mdogo Ambrosi kila walipokutana. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joséline mwaka 2008 na Kalisti mwaka 2012. Pacifique alipata hati yake ya uraia mwaka 2014, na siku hiyo Suzana alipika pilau akasema ni ile iliyobaki jikoni.

Turudi kwenye kazi. Mwaka 2017 alianza kuandika rasimu ya sheria ndogo ya sanaa za mjini, na mtu yeyote aliyeona ukaguzi wa Inyonga angeitambua. Alitaka kila anayeomba kibali cha jengo kubwa achangie kidogo kwenye mfuko wa sanaa, na kila jengo la umma litenge sehemu ya gharama zake. Sehemu ya mfuko huo isiguswe kwa kitu kingine ila kupaka rangi na kutengeneza vilivyopo, maana mbavu za kiboko hazikumtoka machoni. Mfadhili anakaribishwa, aliandika, ila jina lake lisiandikwe juu ya goti la sanamu. Kubwa kuliko yote, mfano mdogo wa kila sanamu uwekwe kwanza sokoni, watu wauzunguke, wautoe kasoro, na wakiurudisha fundi aende akaurekebishe. Na akaongeza mstari ambao wengi hawakujua ulikotoka: kinachokaguliwa ni kazi, si mtu; fundi asiulizwe kabila wala asili yake.

Msidhani alipokelewa vizuri. Katika kikao kimoja mheshimiwa mmoja alisimama akauliza, "Barabara zenyewe hazipitiki, nyie mnataka masanamu?" Suzana akamjibu, "Mheshimiwa, masanamu tunayo tayari. Mimi nauliza tu nani katuwekea na alikuwa anataka nini." Rasimu ilirudishwa mara kwa mara. Kila iliporudi aliishukuru kamati, akaenda kuirekebisha, akaileta tena, na wapo waliodhani anawakejeli.

Alikosea pia, na yeye mwenyewe angetukasirikia tukificha. Mwaka 2018 mchora vibao mmoja, Celestin, alijitolea kuchora ukuta wa stendi bure. Suzana akanusa kamba. Alishuku ametumwa na mwanasiasa, maana uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unakaribia. Akamzungusha kwa maswali: unatoka wapi, unakaa na nani, rangi umepewa na nani. Celestin alichoka, akahamia Karema kuchora majina kwenye mitumbwi. Baadaye ilijulikana kwamba rangi alinunua mwenyewe, kwa kuwa mama yake aliuza uji pale stendi na alitaka apate kitu kizuri cha kutazama. Suzana aliposikia hakula siku hiyo. "Nimemkagua mtu," alimwambia mumewe. "Nimewafanyia kile walichomfanyia baba yako." Alisafiri mpaka Karema, akamkuta Celestin anapaka mtumbwi, akamwomba radhi mbele ya wavuvi. Celestin alimjibu bila kuinua brashi, "Mama, uliyemrudisha ni mimi, hukurudisha ukuta. Ukuta ningerekebisha." Mwaka uliofuata alirudi Mpanda, na mpaka leo ni mjumbe wa kamati.

Mwaka 2019 ilikuja kampuni moja ya vinywaji. Walileta picha ya kiboko mpya wa kipilefti, mkubwa kuliko wa kwanza, amekaa kitako anakunywa kutoka kwenye chupa yao. Bure kabisa, walisema, na mafundi wao wenyewe. Ofisini watu walikwisha kukubali, walibaki kuchagua siku ya kukata utepe. Suzana aliiangalia picha ile. "Kiboko wa Katavi kaanza lini kunywa soda?" akauliza. Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Aliwaomba wapeleke mfano sokoni kama rasimu inavyotaka, wakakataa, wakaondoka na kiboko wao, na kuna waliomnunia kwa miaka kwamba amewakosesha kipilefti.

Waliomnunia walipata jibu mwaka 2021, pale kamati ilipojaribu utaratibu wake kwa sanamu ya mama muuza asali ya stendi. Celestin alitengeneza mfano wa saruji, ukawekwa soko kuu. Ee, watu walisema! Wengine waliona makalio makubwa, wengine wakaona madogo. Muuza dagaa mmoja aliuliza, "Huyu mama anatuuzia asali au anatudai? Mbona kanuna hivyo?" Soko zima likaangua kicheko. Celestin alichukia, akabeba mfano wake akaenda nao nyumbani. Baada ya wiki aliurudisha na mdomo mpya, watu wakauzunguka tena, mmoja akasema, "Huyu sasa namfahamu." Sanamu ile ipo stendi hadi leo. Hakuna aliyeichora chora, hakuna aliyebandika karatasi juu yake, na wauza asali wenyewe huifuta vumbi wakifungua biashara.

Baada ya hapo rasimu ilianza kutembea. Wananchi walitoa maoni yao, ikabaki kupita kwenye Baraza la Madiwani mwezi ujao wa Aprili, kisha ipelekwe kwa Waziri. Hii ndiyo kazi aliyotaka kuiona imekwisha.

Mwezi Agosti 2023 alianza kusikia maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Alitibiwa hapa, kisha Mwanza, ambako iligundulika kwamba ni saratani ya kongosho na ilikwisha kusambaa. Aliwapenda madaktari wake, na tunawashukuru wote, ila hata wao hawakusalimika na shuku zake. Daktari mmoja alipoingia wodini akasema, "Mama, leo umependeza!" Suzana alimtazama juu hadi chini. "Daktari, mbona unanisifia kabla hujanisalimia?" Kisha akageuka kwa Pacifique, akasema polepole, "Kamba hiyo. Nieleze ukweli." Januari aliomba kurudi nyumbani. Mwezi wa pili aliingia kwenye kikao cha mwisho cha kamati akiwa amejifunga khanga mbili na sweta, akasimama kwa kushika kiti, akaeleza rasimu yake yote.

Aliaga dunia nyumbani kwake Jumatatu tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na mumewe na mama yake. Kabla ya hapo aliuliza Baraza linakaa lini. Pacifique akamwambia ni Aprili. Akasema, "Msipokee kitu chochote kabla ya Aprili." Tulidhani ni dawa zinazosema. Tulimfunika shuka, tukalia, tukasahau.

Jumatano alasiri wageni waliingia msibani kwa pikapu. Walikuwa watu wa kampuni ileile ya vinywaji, wamefuatana na mkubwa mmoja wa mjini. Walitoa pole zao na rambirambi vizuri, tunawashukuru. Kisha wakashusha kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe, wakakifunua. Alikuwa Suzana. Mfano mdogo wa saruji, unafika kiunoni kwa mtu mzima, amesimama, anatabasamu, mkono mmoja umenyooshwa mbele. Kijana wao akasema kampuni imeamua kumuenzi mama kwa sanamu kubwa pale kipilefti, gharama zote juu yao, na kwa kuwa ni heshima ya marehemu hakuna haja ya kupitia taratibu ndefu. Mafundi wako tayari, ifikapo mwisho wa mwezi itakuwa imesimama. Wanaomba neno la familia tu.

Hatutaficha jinsi ilivyokuwa. Mama Kabula alijiburuta mpaka pale, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, akalia, "Ng'wana wane, mwanangu, umerudi." Nani angesema hapana? Nashon, anayesoma wasifu huu, alikuwa tayari kusema ndiyo. Alimwona dada yake mahali pa juu, mji mzima ukimzunguka, wale waliomwita Mama Kiboko wakilazimika kuinua macho. Alikwisha kufungua mdomo.

Baba mdogo Ambrosi ndiye aliyesimama. Ana miaka themanini na moja, na magoti hayamsaidii. Aliuzunguka ule mfano taratibu, kama alivyomzunguka ng'ombe mweusi mwaka 2006. Akainama, akaangalia miguu. Akaangalia uso. Akafika kwenye ule mkono ulionyooshwa, akaushika vidole, vilikuwa vimejikunja kidogo na katikati kuna tundu.

"Kijana," akasema, "mkono mtupu haulambwi. Huu umeshika nini?"

Kijana akatazama wenzake. "Hapo... hapo patakaa chupa, mzee. Ndogo tu."

Mama Kabula akaondoa mikono yake kwenye kile kichwa. Ndipo tulipokumbuka neno la Jumatatu, na tukaelewa kwamba yule mgonjwa alikuwa na akili kuliko sisi wazima. Sanamu yake mwenyewe ikisimama Machi bila kukaguliwa, Aprili nani atapitisha sheria ya kukagua? Wangesema hata yeye alipita mlango wa nyuma.

Pacifique alikuwa amekaa chini na mwanawe Kalisti. Alinyanyuka, akawaendea wale wageni, na watu walidhani atawafukuza. Akawashika mikono mmoja mmoja.

"Irudi," akasema. "Msinielewe vibaya. Mimi nilirudishiwa ng'ombe kwao huyu, tukaondoka na hasira, tukakaa kando ya barabara. Mama Joséline alitufuata kwa baiskeli. Leo yeye hawezi kuja kuwafuata, kwa hiyo nawaambia mimi: hamjafukuzwa. Toeni chupa, mpite sokoni kama wengine. Mkiwa mnampenda kweli, mtarudi."

Wageni walitaka kuondoka na mfano wao. Mama Kabula akawaomba wauache mpaka azikwe, apate kumtazama mwanawe, nao kwa ubinadamu wao wakakubali. Uko pale, chini ya turubai, mezani, karibu na mlango wa kutokea. Familia inawaomba, tukishamlaza, kila mmoja apite auzunguke. Semeni mnachokiona. Mama yake ameshasema lake: uso ni wake, ila hakuwahi kutabasamu namna hiyo kwa mtu asiyemjua. Celestin amesimama hapo anasikiliza kasoro. Na nyie waheshimiwa madiwani, ambao Aprili mtainua mikono au mtaishusha, piteni pia. Muangalie lile tundu la mkononi.

Marehemu ameacha mume, Pacifique Barampama. Watoto wawili, Joséline na Kalisti. Mama mzazi, Mama Kabula. Mkwe, Mzee Dieudonne Barampama. Baba mdogo, Ambrosi Ngolo. Mdogo wake, Nashon, na wadogo wengine walioko Inyonga na Bariadi. Ndugu wengi wa Katumba. Mama mmoja wa saruji stendi. Na rasimu moja.

Suzana amemaliza kukagua, zamu ni yetu. Mungu ampe pumziko la amani, na zawadi hii moja aipokee bila kumtia mtoaji mkono mfukoni.